Geji 12, 20 au .410? Jibu kwa kijana wa Kisauni anayekwenda kuwinda kanga

Swali lenyewe, kwa ufupi: "Shikamoo mzee. Naishi Kisauni, nina miaka 31 na uzito wa kilo 62. Mwakani tunakwenda Tanzania na shemeji yangu kuwinda kanga na kwale kupitia kampuni yenye leseni, na nataka ninunue bunduki yangu mwenyewe ya marisawa. Rafiki mmoja anashikilia nichukue geji 10, eti ndiyo yenye nguvu. Mwingine anasema hata geji 12 itanivunja bega, afadhali .410. Muuzaji naye ananisukumia geji 20. Nimsikilize nani? Na je, nikirudi naweza kuitumia shambani kwetu Kilifi? Nyani wametumaliza mahindi."

Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo linaloweza kukulaza gereza la Shimo la Tewa. Nyani wa Kilifi usiwaguse. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ikakaza zaidi: kuwinda kwa mchezo ni kosa, na kuwinda kwa kutafuta kitoweo ni kosa pia. Cheti cha silaha kinakuruhusu kumiliki bunduki, hakikuruhusu kumpiga mnyama wala ndege wa porini. Nyani wakizidi, wapigie Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, waje wao. Bunduki ya marisawa ukiwa huku kwetu itakufaa klabuni tu, kulenga visahani vya udongo, na nitakueleza mbele kwa nini hilo lisikukere.

Tanzania mambo ni mengine. Uwindaji uko kisheria chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na msimu hufunguliwa Julai. Lakini leseni hutolewa kwa mtu, tena kwa aina ya mnyama au ndege aliyetajwa. Kwamba shemeji ana shamba Handeni au anamjua mwenyekiti wa kijiji hakukusaidii kitu, wewe ni mgeni. Umesema mnapitia kampuni yenye leseni, na hapo umefanya vizuri. Jua pia kwamba kuvusha bunduki kutoka Lungalunga kuingia Horohoro kunataka kibali cha kuitoa Kenya na kibali cha kuiingiza Tanzania, vyote mkononi kabla hujaondoka nyumbani. Usiende mpakani na cheti chako cha Kenya peke yake ukitumaini kuwaeleza.

Tuje kwenye geji.

Chukua ratili moja ya madini ya risasi, gramu 454 hivi, uigawe madonge 12 yaliyo sawa na ya mviringo kamili. Mtutu ambao donge moja linaingia likajaa sawasawa, huo ni wa geji 12. Ukiigawa ratili ileile madonge 20, kila donge linakuwa dogo, na mtutu wake unakuwa mwembamba. Kwa hiyo namba ikipanda, tundu linapungua, na wengi huchanganyikiwa papo hapo. Hesabu yenyewe ni ya kale. Mizinga ya zama zile za Fort Jesus nayo ilitajwa kwa uzito wa tufe lake, ila ya mizinga ni ratili nzimanzima. Kwa milimita, geji 10 ina tundu la 19.7, geji 12 la 18.5, geji 16 la 16.8, geji 20 la 15.6 na geji 28 la 14.0. Ile .410 haimo kwenye hesabu ya madonge. Namba yake ni upana wa tundu kwa inchi, kama milimita 10.4. Ukiilazimisha kwenye madonge inatoka geji 67 hivi.

Rafiki yako wa geji 10 anadhani tundu kubwa linarusha punje, yaani marisawa, zile gololi ndogo zilizojaa ndani ya risasi moja, kwa nguvu zaidi. Sivyo. Risasi za kawaida za geji 12, za geji 20 na hata za geji 28 hutoka mtutuni kwa mwendo unaokaribiana, kwenye mita 370 hadi 420 kwa sekunde. Punje moja ya milimita 2.8 iliyotoka geji 20 inamfikia kanga kwa nguvu ileile ya punje ya milimita 2.8 iliyotoka geji 12. Kinachobadilika ni idadi. Risasi ya geji 12 yenye gramu 28 za punje hizo inabeba punje kama 220. Ya geji 20 yenye gramu 24 inabeba kama 190. Ya .410 yenye gramu 14 inabeba kama 110 tu. Kanga aliyekomaa hupita kilo moja, ana manyoya mazito na mfupa mgumu wa kifua, na wawindaji wenye uzoefu hutaka punje nne au tano ziingie mwilini ndipo aanguke na asiinuke. Ukiwa na punje 110 zinazotawanyika, mita 30 mbele yako kuna nafasi tupu za kumpitisha kanga mzima mzima. Huyo atakwenda na punje moja tumboni akafie kichakani siku ya pili.

Kwa hiyo .410 iondoe. Nakwambia hivyo nikijua kwamba watu hupewa bunduki hiyo kama ya kuanzia, kwa kuwa ni nyepesi na haina kishindo. Kwa mkono wa fundi aliyezoea, anayejizuia asifyatue zaidi ya mita 20, ni chombo kizuri. Kwa anayeanza ni ya kumvunja moyo, na ndege ndio wanaolipa. Geji 10 nayo iondoe. Ni bunduki ya kilo nne na nusu au zaidi, ilitengenezwa kwa mabata bukini wakubwa wanaopita juu sana, na huku kwetu utazunguka Mombasa na Nairobi ukitafuta risasi zake mpaka msimu uishe.

Na hapo ndipo penye shauri langu zima. Watu huingia duka la bunduki kwanza, wakapenda kitako kilichong'arishwa, kisha ndipo wakaanza kutafuta cha kutia ndani. Wewe fanya kinyume. Nenda kwa muuza risasi, mwenye leseni, umuulize nini anacho rafuni leo na nini alikuwa nacho mwaka jana. Atakuonyesha geji 12 za namna kwa namna: za gramu 24 za mchezo wa visahani, za 28, za 32, za 36, punje ndogo, za kati na kubwa. Geji 20 anaweza kuwa nazo za aina moja au mbili. Geji 16 na 28 huenda akakwambia subiri. Usisahau pia kwamba cheti chako chenyewe kinataja kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho, hivyo huwezi kununua shehena ukaiweka akiba. Bunduki ambayo risasi zake hazipatikani utaipiga mara chache, na anayepiga mara chache hukosa. Nimeona geji 28 nzuri mno, nyembamba, za kukutia tamaa, zimelala kabatini kwa sababu hiyo tu.

Basi kwako nasema geji 12. Najua utauliza juu ya bega.

Bega halipigwi na geji, linapigwa na uzito unaorushwa ukilinganishwa na uzito wa bunduki yenyewe. Geji 20 ya kilo 2.6 iliyotiwa risasi ya gramu 28 itakupiga teke kuliko geji 12 ya kilo 3.2 iliyotiwa gramu 28 hizohizo. Muuzaji anayekusukumia geji 20 "kwa kuwa ni laini" ama hajui hilo ama ana bunduki ya geji 20 iliyomkalia dukani. Geji 20 huwa laini ukiilisha gramu 21 au 24. Ukianza kuijaza risasi nzito ili ifanye kazi ya geji 12, umepoteza ulaini wote na hujapata faida yoyote. Na geji 12 huwa kali ukiijaza zile risasi ndefu za milimita 76 au 89. Wewe huzihitaji hizo. Risasi ya gramu 28, ya milimita 70, ndani ya bunduki ya kilo tatu na ushei, mtu wa kilo 62 anaipiga asubuhi nzima akaenda zake kula bila kulalamika. Hao wapigaji wa Olimpiki wa visahani, wakiwemo wanawake wembamba, wanatumia geji 12 na sheria za mchezo wao zinawapa gramu 24 tu.

Kinachovunja bega hasa ni kitako kisichokutoshea. Jaribu hivi dukani: fungua bunduki, hakikisha wewe na muuzaji mmeona kwamba haina kitu, ifunge, elekeza mtutu mahali salama. Simama wima, fumba macho, ipandishe begani taratibu mpaka shavu lilale juu ya kitako bila kuinamisha shingo. Sasa fumbua. Ukiona juu ya mtutu moja kwa moja mpaka kwenye shanga ya mbele ya kulengea, kitako kinakufaa. Ukiona kisogo cha bunduki tu na shanga imefichika, kitako kiko chini mno kwa uso wako. Ukiona barabara ndefu ya mtutu kama uko ghorofani, kiko juu. Na kitako kikinasa kwapani kila ukipandisha, ni kirefu, fundi akikate na kukirudishia mpira wake. Kukata sentimita moja na nusu hakugharimu kama kununua bunduki nyingine. Jua pia jicho lako linalotawala ni lipi. Nyoosha kidole ukielekeze kwenye taa ya mbali, macho yote wazi, kisha ufumbe jicho la kushoto. Kidole kikibaki kwenye taa, jicho la kulia ndilo linalotawala. Kikihama, ni la kushoto, na ukipiga kutoka bega la kulia utakosa kwa upande uleule kila mara huku ukilaumu geji.

Ni wakati gani basi ningekwambia chukua geji 20? Kama ungekuwa na tatizo la bega la zamani, kama ungesema utatembea kutwa nzima milimani, au kama bunduki hiyo mtaitumia pamoja na mkeo huko klabuni, naye ana cheti na ruhusa zinazotakiwa. Geji 20 ya kilo 2.8 kwa gramu 24, mita 30, inamwangusha kanga vizuri kabisa. Tofauti yake na geji 12 ni ndogo kuliko watu wanavyobishana. Mimi mwenyewe kwa kwale napenda geji 20 zaidi, kwa sababu kwale hulipuka chini ya miguu yako na bunduki nyepesi inapanda haraka. Lakini wewe ndege wako wa kwanza ni kanga, na bunduki yako ni moja.

Marisawa sasa. Hapa watu wengi hupotea kwa sababu ya namba. Namba za punje hazifanani duniani. Namba 6 ya Marekani ina upana wa milimita 2.8, namba 6 ya Uingereza ni 2.6, na namba 5 ya Uingereza ndiyo inayolingana na 6 ya Marekani. Boksi likiandikwa 6 usiridhike, tafuta milimita, aghalabu huandikwa ubavuni. Kwa kanga nataka 2.8, na mtu akija na milimita 3 simkatalii. Kwa kwale 2.4 hadi 2.6 inatosha. Kwa njiwa, 2.4. Ukitaka boksi moja la kufanya yote kwa kanga na kwale, chukua milimita 2.6 hadi 2.8, gramu 30 au 32, na ujizuie umbali.

Bata sikuyataja makusudi. Maeneo ya maji yana mambo yake: punje za madini ya risasi zikizama matopeni bata huzimeza akidhani ni changarawe ya firigisi, zikamuua polepole kwa sumu. Marekani ilizipiga marufuku kwa uwindaji wa ndege wa majini tangu 1991, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwenye ardhioevu mwaka 2023. Badala yake hutumika punje za chuma, ambazo ni nyepesi kuliko za madini ya risasi, kwa hiyo huchaguliwa kubwa zaidi, na hazitakiwi kupitishwa kwenye mtutu wa zamani wala kwenye choki iliyobana sana. Mkialikwa bwawani, ulizeni kwanza.

Choki ni kule kubanwa kwa mtutu mdomoni, na ndiko kunakoamua punje zitawanyike upesi au zisafiri pamoja. Kipimo cha kawaida ni duara la sentimita 76 kwa umbali wa yadi 40, yaani mita 36 na nusu. Mtutu usiobanwa kabisa hutia humo kama asilimia 40 ya punje, choki ya robo kama 55, ya nusu kama 60, choki kamili kama 70. Kwa kazi yako, bunduki ya mitutu miwili yenye robo na nusu inakutosha. Wanaoanza hupenda choki kamili kwa kuwa inafika mbali. Ndege akiinuka mita 15 mbele yao wanamkosa kabisa, au wanampata na hakubaki kitu cha kupika.

Usiniamini mimi wala boksi, jaribu. Uwanjani, pamoja na msimamizi, weka karatasi ya mita moja kwa mita moja kwenye fremu, rudi nyuma mita 30, piga risasi moja katikati. Nenda ukaitazame kwa karibu. Tafuta mahali matundu yalipokusanyika zaidi, chora duara la sentimita 76 kuzunguka hapo, uhesabu. Kisha kata boksi la katoni umbo la kanga, mwili tu bila mbawa, ulitembeze juu ya duara lote. Mahali ambapo umbo linafunika matundu manne au zaidi ni sawa. Mahali linapofunika moja au hakuna, hapo kanga angepita. Kisha badilisha boksi la risasi, gramu zilezile lakini za kiwanda kingine, upige karatasi mpya. Utashangaa. Bunduki moja hupenda risasi hii ikakataa ile, na hakuna fundi atakayekwambia kwa kutazama tu. Risasi sita na karatasi sita zitakufundisha kuliko mabishano yote ya barazani kuhusu geji.

Kuna mambo mawili ya hatari ambayo anayenunua bunduki ya marisawa lazima aambiwe, hata kama hakuuliza. La kwanza: risasi ya geji 20 isikae kamwe mfuko mmoja na ya geji 12. Ile ya 20 ukiitia kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya geji 12, haidondoki ikatoka mbele. Inateleza ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, mpaka kitako chake kinaponasa pale mtutu unapoanza kubana. Ukitazama kwa nyuma unaona chemba tupu. Unadhani hukutia, unatia ya geji 12 nyuma yake, unafyatua, na mtutu unapasuka hapo hapo ulipoweka mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana watengenezaji wengi hupaka maganda ya geji 20 rangi ya manjano. Nyinyi mnakwenda wawili, wewe na shemeji. Kama yeye ana geji 20 na wewe 12, kila mtu na mkoba wake, na asimwazime mwenzake risasi hata moja.

La pili ni kwa bunduki kuukuu. Bado zipo nyingi za Kiingereza za enzi za ukoloni, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, nakshi nzuri, bei ya kuvutia. Nyingi zina chemba ya milimita 65. Sasa, urefu ulioandikwa kwenye risasi ni wa ganda likishafunguka, baada ya kupigwa. Risasi ya milimita 70 ambayo haijapigwa ni fupi, inaingia bila shida kwenye chemba ya 65, mlango unafunga vizuri, kila kitu kinaonekana shwari. Ukifyatua, ganda linafungukia mahali pembamba na mgandamizo unapanda kupita ule ambao bunduki ilipimiwa. Na kama mtutu una mawimbi mawimbi kama ya mbao, ule wa chuma cha kusukwa, usiutilie risasi ya kisasa kabla fundi mwenye leseni hajasoma mihuri ya majaribio chini ya mitutu. Muuzaji asiyejua mihuri hiyo inasema nini, mwachie bunduki yake.

Ukishaipata, kumbuka unaishi wapi. Hewa ya Kisauni ina chumvi, na chuma cha mtutu hakina uvumilivu. Wakati wa masika alama za vidole ulizoacha jioni huweza kuwa madoadoa mekundu baada ya siku chache. Ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa ndani mpaka kitoke kikavu, kisha mafuta kidogo, kidogo sana, ndani na nje. Usiiache ndani ya mkoba wa ngozi au sanduku lenye sponji, hivyo hunyonya unyevu na kuukumbatisha chuma. Kabati la chuma lenye kufuli, ambalo masharti ya silaha yanakudai hata hivyo, pamoja na pakiti za kunyonya unyevu, na bunduki isimame mdomo chini ili mafuta yasishukie mbao za kitako na kuzilainisha. Mtutu uliopakwa kromu ndani, kwa mtu wa pwani, nauhesabia faida kuliko nakshi yoyote. Risasi nazo zikague: kitako cha shaba kikianza kuota ukijani au ganda likivimba, zirudishe kwa mwenye leseni, usijaribu kuzimaliza.

Jambo jingine hukuliuliza, ila jina lako la Kiislamu limenifanya nilitaje. Sisi wa pwani wengi ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na suala la ndege aliyekufa kwa marisawa kabla hajachinjwa lina maneno ya wanavyuoni. Hilo muulize sheikh wako kabla ya safari, mimi ni fundi wa bunduki. Ninachoweza kukwambia ni upande wa vitendo: wawindaji Waislamu ninaowajua hupiga bismillahi wakifyatua, hubeba kisu kikali kiunoni, na hukimbilia ndege akiwa bado hai wamchinje. Hilo linawezekana tu ukipiga karibu. Kanga aliyepigwa mita 25 huanguka mbele ya macho yako. Wa mita 45, ukimpata, hudondokea upande wa pili wa vichaka, naye ni hodari wa kukimbia, utamtafuta nusu saa na kumkuta amekwisha kufa. Kwa hiyo weka mpaka wako mita 35, na usipige kundi lililo chini ardhini. Utajeruhi watatu kwa kumpata mmoja.

Sasa kuhusu pesa yako. Mwaka huu usinunue. Kampuni nyingi za uwindaji huwa na bunduki ya marisawa kambini, na karibu zote ni geji 12, kwa sababu hiyohiyo ya risasi na kwa sababu waongozaji huitegemea wakimfuata chui aliyejeruhiwa. Kukodi kunakuondolea vibali vya kuvusha silaha. Unapata msimu mzima wa kujua bega lako linasema nini, na maombi ya cheti kwa Bodi ya Leseni za Silaha unaweza kuyaanza taratibu bila presha ya tarehe. Kabla ya safari nenda klabu ya walenga shabaha, uombe kuingia kama mgeni, upige visahani chini ya mwalimu kwa bunduki yao. Kisahani kinachokimbia kutoka kwako kinakaribiana sana na kwale anayeinuka, na ndiyo sababu nilisema marufuku ya huku isikukere.

Waandikie kampuni leo. Waulize bunduki yao ya kambini ni geji gani, uzito kilo ngapi, chemba milimita ngapi, choki zipi, na kama wao ndio wanaoleta risasi, za gramu ngapi na punje za milimita ngapi. Wakikujibu geji 12, chemba 70, robo na nusu, kubali hapo hapo. Wakisema wana geji 20 tu, nenda nayo, uwaombe gramu 24 za punje 2.8, na umbali ushuke mpaka mita 30. Wakisema "bunduki ya kawaida, usijali", waulize tena.